Dirisha la viza halitoi ufadhili: mmeuliza, tunajibu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu balozi: nafasi za masomo, ziara za kubadilishana ujuzi, ruzuku za sanaa na makaratasi yanayowakwamisha watu katikati ya safari. Tumechagua nane. Zile zilizosema tu "nitumieni kiungo" tumeziweka kando.

Nilipanda matatu hadi Gigiri na bahasha ya vyeti, nikapanga foleni kwenye geti la ubalozi mmoja. Askari akaniuliza miadi yangu ni ya saa ngapi. Sikuwa nayo, nikarudi. Hiyo ofisi ya utamaduni na elimu hufunguliwa siku gani? – Msomaji, Githurai 45

Ofisi ipo, ila haina foleni. Foleni uliyoiona ni ya konsula, yaani watu wa viza na wa pasipoti za raia wao. Kitengo cha habari, utamaduni na elimu ni kingine kabisa, na hivi viwili havisaidiani kama watu wanavyodhani. Ofisa wa viza hana ufadhili wa kukupa. Ofisa wa utamaduni naye hawezi kukuombea viza, hata kama ndiye aliyekuchagua.

Kwa Wamarekani, kazi hii ilikuwa ya shirika la pekee, USIA, mpaka lilipounganishwa na Wizara yao ya Mambo ya Nje mnamo Oktoba 1999. Ubalozi wenyewe ulikuwa katikati ya mji, Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue, hadi mlipuko wa tarehe 7 Agosti 1998. Sasa uko United Nations Avenue, na huingii bila jina lako kuwa kwenye orodha ya siku hiyo. Kwa hiyo kitu cha kutafuta ni kikao, si siku ya kufunguliwa. Washauri wa EducationUSA, ambao ndio wa masomo ya Marekani, hutangaza vikao vya kundi, vingine kwa mtandao. Jiandikishe kwa jina lililo kwenye kitambulisho, uende na kitambulisho hichohicho, na laptopu uiache nyumbani.

Ukitaka mahali pa kuingia kwa miguu, shuka mjini. Kutoka Jeevanjee fuata Monrovia Street hadi inapokutana na Loita Street: hapo kuna Alliance Française na, jirani yake katika Maendeleo House, Goethe-Institut. Begi litakaguliwa, basi. Lakini usimwulize mtu wa Goethe habari za ufadhili wa shahada ya uzamili. Goethe ni lugha na utamaduni. Ufadhili wa Ujerumani uko DAAD, ambayo ina ofisi yake Nairobi.

Nafundisha Kiswahili shule ya upili Kasarani, nina miaka 27. Nimesikia Wamarekani huchukua walimu wa Kiswahili wakafundishe vyuo vikuu vyao. Ni kweli? Nahitaji nini? – Mwalimu

Ni kweli, mwalimu. Mpango unaitwa Fulbright FLTA, wa wasaidizi wa kufundisha lugha za kigeni. Ni tawi la Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani ulioanzishwa 1946. Unakaa mwaka mmoja wa masomo, kama miezi tisa. Unafundisha au kusaidia kufundisha hadi saa 20 kwa wiki, na wewe mwenyewe unasoma angalau kozi mbili kila muhula, moja ikiwa ya mambo ya Marekani. Hutarudi na digrii, na mume, mke au watoto hawaandamani nawe. Umri unaotakiwa ni miaka 21 hadi 29 wakati wa kuomba, digrii ya kwanza iwe mkononi, na Kiingereza cha kiwango cha TOEFL 79 au 80 hivi, au IELTS 6. Nafasi hizi hutegemea bajeti ya mwaka, kwa hiyo thibitisha kwanza kwamba tangazo la mwaka huu limetoka kwenye ukurasa wa ubalozi, ndipo ulipie mtihani wa lugha.

Walimu wa Kenya hawaanguki kwenye vyeti. Wanaanguka kwa kuandika maombi kana kwamba wanahojiwa na TSC, tume inayoajiri walimu: alama za wastani za darasa, vitabu vya fasihi walivyofunza, isimujamii, ufupisho. Mwanafunzi atakayekaa mbele yako kule hajawahi kusikia "shikamoo". Amechukua Kiswahili kwa sababu chuo kinamdai lugha moja ya kigeni, au ana rafiki kutoka Mombasa. Ukimfungulia jedwali la ngeli siku ya kwanza, wiki ya pili hayupo.

Ukiombwa mfano wa somo, fungua kibanda. Weka mezani vikombe vitatu, sahani na sarafu. Wewe ni muuzaji. "Karibu. Unataka nini?" "Nataka kikombe kimoja cha chai." "Na yeye?" "Vikombe viwili." Mwanafunzi atasema "vikombe mbili". Usimsimamishe, wala usitaje KI-VI. Mwambie, "Vikombe viwili, sawa," umpe vikombe viwili. Wa tatu atasema "viwili" mwenyewe, kwa kuwa amelisikia na kuliona. Kisha chapati: "chapati mbili", na hapo mmoja atauliza mbona si "viwili". Sasa umepata nafasi ya kueleza, tena ameiomba yeye. Andika hivyo kwenye maombi: dakika ngapi kwa kila hatua, vitu gani mezani, na mwisho wa somo mwanafunzi ataweza kusema nini ambacho mwanzoni hakuweza. Ukurasa mmoja wa namna hiyo una uzito kuliko aya tano za "mapenzi yangu kwa lugha".

Kama umeajiriwa, omba ruhusa kwa mwajiri kwa maandishi kabla hujakubali nafasi. Halafu soma jibu la barua ya saba hapa chini, maana linakuhusu.

Bosi wetu alikwenda Marekani wiki tatu na mpango uitwao IVLP. Nimetafuta fomu mtandaoni hadi macho yakauma. – Afisa wa kaunti

Macho yapumzike, fomu haipo. Mpango huo wa serikali ya Marekani wa kualika wageni kwa ziara fupi za kikazi, ulioanza 1940, hauombwi: wafanyakazi wa ubalozi ndio wanaopendekeza majina, kwa watu walio katikati ya kazi zao na wanaoonekana wakizifanya. Wanakujua kwa njia za kawaida: ulizungumza kwenye kongamano walilohudhuria, ripoti yako ilitumika, ulifanya nao mradi mdogo ukaumaliza kwa wakati. Anayekuuzia "fomu ya IVLP" anakuuzia karatasi.

Nataka kuomba Chevening. Nina Second Upper ila sijawahi kuajiriwa miaka miwili mfululizo. Nimekuwa wa vibarua na kujitolea. Niache? – Msomaji, Umoja

Usiache, kwanza piga hesabu. Chevening, inayolipwa na serikali ya Uingereza tangu 1983 kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, inataka miaka miwili ya kazi, lakini inaipima kwa saa: 2,800. Haijalishi zimekatikakatika. Kujitolea kunahesabiwa, kazi ya nusu siku inahesabiwa, na mafunzo ya kazini baada ya chuo pia. Kisichohesabiwa ni atachimenti uliyolazimishwa na kozi yako, na hapo ndipo wengi hujidanganya kwa kuongeza saa 480 ambazo hazipo.

Tuseme ulifanya kazi maabara wiki 36 kwa saa 40: hiyo ni 1,440. Ukajitolea kwenye shirika la mtaani saa 12 kwa wiki kwa wiki 52: 624. Ukapata mkataba wa wiki 24 kwa saa 40: 960. Jumla 3,024. Umepita. Kila kipande utakiingiza chenyewe, na tarehe zake na saa zake za wiki, na mfumo ndio utakaojumlisha. Tarehe hizo zilingane na barua ulizonazo, kwa sababu kwenye usaili utaulizwa.

Mambo mengine kwa kifupi: utachagua kozi tatu, na maombi ya vyuo unayafanya wewe mwenyewe, mbali na maombi ya Chevening. Ukichagua kozi tatu zisizohusiana, insha yako ya mipango ya kazi imeshajikana. Barua mbili za mapendekezo huombwa ukishaitwa kwenye usaili, lakini mwandishi wa barua anatakiwa kujua mapema. Profesa anayepigiwa simu siku mbili kabla huandika sentensi nne, na zinajulikana. Ukimaliza masomo, unarudi nyumbani kwa miaka miwili angalau.

Cheti cha KCSE kinasema Otieno Mary Achieng. Kitambulisho kinasema Mary Achieng. Pasipoti bado sina. Fomu ya ufadhili nijaze jina lipi? – M., Donholm

Majina yakipishana mpangilio si shida kubwa. Jina kukosekana ndiyo shida, na kwako limekosekana "Otieno".

Anza na pasipoti, hata kama ufadhili hujaupata. Majina yatakavyotoka humo, na hasa lile litakaloandikwa kwenye mstari wa jina la ukoo, ndiyo utakayotumia kila mahali kuanzia siku ya kwanza: fomu, mtihani wa lugha, barua za walimu, tiketi. Wamarekani wakikuandikia DS-2019, ambayo ndiyo karatasi ya viza ya J-1, ile ya mipango ya kubadilishana, wataifuata pasipoti. Herufi moja ikipotoka, karatasi inaandikwa upya, na wiki zinakwenda. Ukijazia fomu saiba, kaa kando ya kijana wa kompyuta usome kila kisanduku kabla hajabonyeza. Yeye anajaza fomu thelathini kwa siku, wewe una moja tu.

Kwa cheti cha KCSE, kula kiapo mbele ya kamishna wa viapo, utaje kila hati kwa namba yake na useme majina yote ni ya mtu mmoja. Kiapo hicho kinatosha kwa tofauti kama yako. Hati ya kubadilisha jina, ile inayosajiliwa na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi, ni ya mtu anayebadilisha jina kweli. Kuna watu wamesukumwa kuifanya kwa sababu ya mpangilio tu, wakajikuta sasa na majina matatu badala ya mawili.

Chuo kikitaka matokeo yathibitishwe, KNEC, baraza la mitihani, wanafanya hivyo kupitia mfumo wao wa mtandaoni, QMIS, na kuyatuma moja kwa moja. Cheti halisi usikitume popote. Wala usijigeuzie alama kuwa za Kimarekani. Pointi 12 za A hadi 1 ya E, masomo saba, jumla ya juu 84: wanaosoma maombi ya Wakenya kila mwaka wanazijua, na ukizigeuza mwenyewe unawatia shaka bila sababu.

Kikundi chetu cha maigizo kina vijana 14, Dandora. Tuliandikia balozi tatu tukiomba milioni mbili za "kuinua vipaji". Kimya. – Katibu wa kikundi

Barua ya namna hiyo haina pa kuingilia, katibu. Pesa za utamaduni hutoka kwa tangazo, na kila tangazo lina mada yake na kiasi chake. Barua isiyojibu tangazo haina faili la kuwekwa.

Tuchukue ruzuku za ubalozi wa Marekani, kwa kuwa ndizo zenye makaratasi mengi. Mtajaza fomu ya SF-424 na ya bajeti, SF-424A. Kikundi lazima kiwe na UEI, namba ya kulitambulisha shirika, inayopatikana SAM.gov, tovuti ya usajili ya serikali ya Marekani, na iliyochukua nafasi ya namba ya zamani, DUNS, tangu Aprili 2022. Shirika la nje ya Marekani linalofanya usajili kamili wa SAM huhitaji pia msimbo mwingine wa utambulisho, NCAGE. Vyote ni bure, na vyote huchukua wiki, si siku. Msisubiri tangazo ndipo muanze.

Vikundi vyetu hukwama hapa: jina na anwani lazima vilingane herufi kwa herufi katika kila mfumo. Cheti cha usajili kikisema "Youth Group" na kwingine mkaandika "Y.G.", mmekwama. Sanduku la posta halikubaliki kama mahali mlipo, na Dandora nyumba nyingi hazina namba ya mtaa. Chagueni maneno ya kueleza jengo lenu mara moja: ploti, jina la jengo, barabara, awamu. Yaandikeni kwenye daftari la kikundi na myanakili yalivyo, hadi nukta na mkato. Usajili wa SAM huisha baada ya siku 365, kwa hiyo andikeni na tarehe ya kuuhuisha.

Bajeti nayo. "Usafiri Sh100,000" haisomeki. Tuseme mna maonyesho sita katika shule sita: matatu moja ya kukodi, siku 6, Sh8,000 kwa siku, Sh48,000. Spika na maikrofoni za kukodi, siku 6, kiasi gani kwa siku. Posho ya waigizaji 14 kwa siku 6. Kisha mseme mnacholeta wenyewe: chumba cha mazoezi, mavazi, mwongozaji. Pombe isiwemo, hata kama ni ya mchezo. Akaunti ya benki iwe ya jina la kikundi, si ya mwenyekiti, na sahihi mbili. Kwa kuwa makanga na mama wa chai hawatoi risiti, chapeni karatasi ya malipo yenye jina, namba ya kitambulisho, kiasi, tarehe na sahihi. Bila karatasi hizo, awamu ya pili ya pesa hucheleweshwa, na hapo ndipo vikundi husambaratika kwa kushukiana.

Tena, fikirieni kuomba jukwaa badala ya pesa. Alliance na Goethe wana kumbi, taa na hadhira inayojua kuwa siku fulani kuna tamasha. Programu zao hupangwa miezi mapema, kwa hiyo tumeni video ya dakika tatu ya igizo lenyewe. Hotuba ya mwenyekiti akieleza igizo, hapana.

Nikienda na viza ya J-1, eti ni lazima nirudi miaka miwili? Dada yangu anasema hiyo ni hadithi. – Mwombaji, South B

Si hadithi, ila si kila J-1. Masharti hayo yanamfunga aliyelipiwa na serikali, yake au ya Marekani, na kwa hiyo Fulbright na FLTA wamo. Yanamfunga pia daktari aliyekwenda kwa mafunzo ya hospitali, na mtu ambaye taaluma yake iko kwenye orodha iliyowekwa kwa nchi yake. Ukifungwa, huwezi kupata viza ya kazi ya H au L, wala ukaazi wa kudumu, mpaka ukae nyumbani jumla ya miaka miwili. Si lazima iwe mfululizo. Haikuzuii kwenda kutembea. Mwenzi wako akiwa na J-2, viza ya wanaoandamana na mwenye J-1, naye amefungwa. Alama ya sharti huandikwa kwenye viza na kwenye DS-2019, kona ya chini kushoto. Soma siku unapopewa. Kuna njia ya kuomba usamehewe, lakini kwa waliolipiwa na Fulbright ni nadra sana.

Ajenti anataka Sh65,000 "ada ya ubalozi" ili mwanangu apate ufadhili. Na maombi yanafungwa saa 12:00. Ni saa sita au saa kumi na mbili? – Mzazi, Kayole

Ada hiyo haipo, mama. Gharama halali zipo, na kila moja ina risiti yake: mtihani wa lugha, pasipoti, cheti cha tabia njema kwa Sh1,050 kupitia eCitizen. Fomu ya alama za vidole, C24, ichapishwe mbele na nyuma ya karatasi moja. Wakimletea karatasi mbili huko saiba, atarudishwa. Anayekwenda Uingereza zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu katika kliniki ya IOM, shirika la uhamiaji, na cheti hudumu miezi sita, kwa hiyo asipime mapema mno. Wa Marekani hulipa ada ya SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi na wageni wa kubadilishana, dola 350 kwa mwanafunzi wa F-1 na dola 220 kwa wengi wa J-1. Ila DS-2019 yake ikiwa ya mpango ambao namba yake inaanza na G-1, G-2, G-3 au G-7, hiyo ya SEVIS halipi.

Kuhusu saa: 12:00 ni saa sita mchana, lakini ya saa zinazotajwa kwenye tangazo. Likisema 12:00 UTC, yaani saa za kimataifa, ni saa tisa alasiri Nairobi. Likisema 11:59 usiku saa za Washington, basi kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba ni saa 12:59 asubuhi ya kesho yake hapa, na miezi mingine ni saa 1:59. Atume jioni ya siku iliyotangulia, kabla stima haijapotea.